Zima Hiyo, Njoo Wewe

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, nyie sitawasalimia sana, maana nawaona watatu pale nyuma mmeinamisha vichwa na hamsali. Wekeni simu mfukoni kidogo. Mnanijua, mimi si mtu wa kusema polepole. Nikipandisha sauti mnisamehe, simgombezi mtu hapa, najigombeza mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua, natengeneza simu hapo njia panda. Sikusomea popote. Nilianza na simu mbovu ya marehemu baba, nikaifungua, nikaiua kabisa, nikafungua nyingine, mpaka zikaanza kuniitikia. Nusu ya simu zilizomo humu zimepita mikononi mwangu. Na nyie wa upande ule wa kilima, ni mimi niliyewazimia ile saa ya kujipanga yenyewe, kwa sababu pale juu simu inashika mtandao wa Burundi na saa inarudi nyuma lisaa lizima. Si ndiyo? Mnacheka. Chekeni sasa hivi.

Yangu sikuizima. Kinyozi hajinyoi.

Ndugu zangu, nawaambia, wengine simu inawakamata kwa vichekesho, wengine kwa wanawake. Mimi ilinikamata kwa ugomvi. Mtu akimgusa mtu wangu siwezi kunyamaza, toka utoto niko hivyo. Na mle ndani watu wangu wanatukanwa kila dakika! Timu yangu inatukanwa, mkoa wetu unatukanwa, na mimi najibu. Najibu nikila, najibu nikiwa chooni. Mteja amesimama na simu yake imepasuka kioo, namwambia, "Subiri kaka, kuna mjinga huku namnyoosha." Nikifumba macho nilale, bado natunga maneno ya kumjibu mtu ambaye hata sura yake siijui. Kifua kinabana. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mama akiniuliza kitu namkaripia. Mama yangu! Mimi niliyefukuzwa shule kwa kumpiga mtu aliyemtaja mama vibaya.

Na mama alikuwa haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, yalijifunga taratibu kama ukungu unavyoshuka bondeni. Jioni tukikaa anasema, "Uko pale. Nauona mwanga wako." Mwanga wa simu, ndugu zangu. Uso wangu alishausahau, akabaki na ule mwanga.

Basi tukatangaziwa kwamba madaktari wa macho wanakuja Biharamulo, wanapasua bure. Gari la kukodi litapita njia panda saa kumi na mbili asubuhi, litapiga honi, halitasubiri mtu, maana huko mbele kuna wagonjwa wengine. Mama alifua kitenge chake cha Pasaka mara mbili. Akachemsha viazi vya safari akavifunga kwenye jani la mgomba. Akaniambia, "Nikifunguliwa macho, cha kwanza nataka kuona kama umeota ndevu."

Sasa sikilizeni. Wiki ile ile nilikuwa nimechimba shimo la kuivishia ndizi za pombe, nyuma ya nyumba, kando kabisa ya njia ya kupandia barabarani. Kazi hii wote mnaijua, unachimba, unatandika majani makavu, unapanga mikungu, unafukia. Mimi nilichimba. Kutandika nikasema kesho, kuna watu wananisubiri kwenye simu. Ikaja kesho, nikasema kesho. Shimo likakaa wazi.

Asubuhi ya safari niliamka mapema, naapa. Mama ameshavaa, amekaa kizingitini na fimbo yake. Kwetu bondeni mtandao ni wa kusuasua. Nikamwambia, "Mama, napanda kilimani mara moja, narudi nikupeleke." Nina laini ya Burundi, na bando lake pale juu linakwenda kama maji. Nikapanda, nikafungua. Bwana wee! Kuna mtu kaandika, "Nyie watu wa Ngara ni Warundi tu, rudini kwenu."

Hapo hata nyie mngewaka.

Nilimwandikia! Nikamwandikia makaburi ya babu zetu, mashamba yetu, mama zetu waliotuzaa kwenye nchi hii hii. Yeye jibu moja, mimi kumi. Wakaja wenzake, nikawamaliza wote. Yaani nimesimama gizani na bando la Burundi nawatetea mama wote wa Ngara, na wangu nimemwacha kizingitini.

Ndege wakaanza kulia. Nikaangalia saa, kumi na moja bado. Nikasema ndege wa leo wana wazimu. Fundi simu mzima! Ikalia honi barabarani, ndefu. Ikalia tena. Nikasema lori la mpakani hilo. Ikalia ya tatu, na mimi bado naandika.

Niliposhuka, kizingitini hamna mtu. Nikaita. Sauti ikatoka nyuma ya nyumba, ya chini, kama mtu anaongea ndani ya mtungi.

"Niko huku."

Nikawasha tochi ya simu. Mama yuko ndani ya shimo langu. Amekaa, mguu ameukunja, mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto, kitenge cha Pasaka chote udongo. Viazi bado amevikumbatia.

Akaniambia, "Gari lilipoita nikajua pengine uko juu barabarani unanisubiri. Nikaona nisikucheleweshe."

Asinicheleweshe mimi! Yeye ndiye alisema hivyo!

Nikasimama pale juu kama mti, nimemmulika tu. Akainua uso, macho yake meupe, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, mwanga wako nauona. Zima hiyo, njoo wewe."

Mkono ulikuwa umevunjika. Unadhani nilijifunza hapo? Hata! Nilimpigia dereva nikamtukana. Nikamwambia wewe ni muuaji, umeacha mgonjwa, gari lako nitalikuta. Akanisikiliza mpaka nikaisha pumzi, akasema, "Dogo, nimepiga honi mara tatu, abiria wakanigombeza kwa kukusubiri. Kwani huko kwako ni saa ngapi?" Nikamtajia. Akauliza, "Ya wapi hiyo?"

Ndugu zangu, nikaitazama simu: saa ya Burundi. Mimi niliyewazimia nyie wote.

Madaktari wakaondoka. Lini watarudi, hakuna anayejua. Mama na mkono wa plasta, namlisha uji, na hanilaumu. Afadhali angenipiga. Nilifikia mahali nikaona mimi kuwepo na kutokuwepo ni sawa. Simu nikaitupa migombani kwa hasira, mvua ikaanza kunyesha, nikatoka kuitafuta kwa magoti, kwenye matope, naipapasa na kulia. Niliipata. Nikaipangusa, na kabla sijapangusa uso wangu nikaangalia nani kanijibu. Unajichukia, na mkono unakwenda. Kama mlevi kabisa, mimi ambaye hata pombe sinywi, naivisha ndizi za wengine tu.

Aliyenitoa yuko humu ndani, simtaji, alinikataza. Mama mmoja jirani. Alikuja kumwangalia mama, akanikuta nimeinamia simu. Hakunihubiria. Aliuliza, "Wateja wako wanakuja saa ngapi?" Nikasema mchana. "Basi mchana utakuja kuichukua kwangu, jioni utairudisha. Itakaa kwenye kapu langu la maharage." Nikamwambia, "Mama, siwezi." Akasema, "Najua huwezi. Ndiyo maana nimekuja na kapu."

Jioni za kwanza nilikuwa kama mgonjwa wa homa. Natembea uani, napapasa mfuko mtupu. Siku moja nilikwenda kwake nikamdanganya kuna mteja wa haraka. Akaniangalia tu, akaendelea kuchambua maharage. Nikaona aibu, nikakaa, nikachambua naye. Jioni nyingine ananituma, "Mshike mama yako mkono, mkasalimie watu." Tukawa tunazunguka. Mama anagonga fimbo, anauliza huyu nani, na mimi namwambia. Nilikuta hata mimi siwajui. Watoto wa jirani wamekua, nyumba zimejengwa, na niko hapa hapa siku zote. Usingizi ukarudi kidogo kidogo. Kifua kikaachia. Na shimo nilikuwa nimelifukia, tupu, bila hata mkungu mmoja.

Madaktari walirudi. Safari hii niliamshwa na jogoo, simu iko kapuni kwa watu. Tulifika njia panda giza bado nene, mama kwenye kitenge kile kile. Dereva alikuwa yule yule. Akashusha kioo, akacheka, "Dogo, leo umekuja na saa ya wapi?" Nikamwambia, "Ya jogoo, kaka. Na yale matusi nisamehe." Akasema, "Mpandishe mama."

Sasa niwaambie yote, nisije nikawadanganya kanisani kwa watu. Jicho moja tuliliwahi. La pili tulilichelewa. Daktari alisema lilikuwa na ugonjwa mwingine ndani, kwamba mngekuja ile mara ya kwanza pengine. Alisema "pengine" na kunishika bega. Hiyo pengine nalala nayo mpaka leo.

Walipotoa bandeji mama aliniangalia muda mrefu. Nikangoja. Akasema, "Ndevu hamna. Hasira za baba yako zote ziko hapo usoni."

Nawashukuru nyie mliotuchangia dua na viazi. Nakushukuru wewe mwenye kapu, na dereva pia, popote alipo. Na sisemi mtupe simu, mkitupa nitakula nini? Nasema hivi: mwenye kukutukana huko mbali atakuwepo kesho, hana haraka, hafi. Anayekuita yuko nyuma ya nyumba. Akikuita usimmulike. Zima, nenda wewe.

Na nyie watatu wa nyuma, simu mmeshazitoa tena. Kapu liko pale mlangoni, mwenyewe amekuja nalo, mnadhani limebeba maharage?

Mama ameanza kukohoa. Hana kikohozi, ananiambia nimeongea sana. Jicho lake liko kwangu. Haya mama, nakuja kukaa hapo.