Tunda la Saba la Kijaluba

Marehemu Ewald Hahnefeld alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa mjini Idar, mtoto wa pili wa mzee Otto, mkata mawe ya akiki, na mama Berta. Alisoma hapa hapa. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa kuchora hakuwa na mpinzani. Mwaka 1950 aliingia karakana ya mjomba wake, akawa anafanya kazi amelala kifudifudi mbele ya jiwe la kunolea linalozunguka, kama baba yake.

Kazi yake ilikuwa vijaluba vya ugoro vya zamani, vile vyenye maua na matunda ya mawe magumu kwenye kifuniko. Vilimfikia vimepukutika, vikaondoka vimechanua.

Alifunga ndoa na Bi Irmgard tarehe 6 Mei 1961. Zawadi yake ilikuwa kijaluba alichokifufua mwenyewe, chenye matunda saba ya cheri. Siku ya kuamkia harusi lilibaki moja la kupachika. Alilitia ulimini, maana akiki huonyesha rangi yake ikilowa, na huku kila fundi hulamba jiwe. Bi Irmgard akaingia.

"We Ewald, nyama ya harusi bado haijaiva, umeshaanza kula mawe?"

Ewald akacheka, akalimeza.

"Nitakuchongea jingine," alisema kwa aibu.

"Afadhali. Hilo likirudi silitaki."

Vijaluba vya watu vikatangulia. Cha nyumbani kikangoja, naye Bi Irmgard hakukumbushia.

Mwaka 2003 madaktari walikuta mapafu yamejaa vumbi la mawe. Dawa haikuwepo. Ndipo alipoanza kulichonga lile tunda, na mkono ukawa unatetemeka. Jiwe likapasuka. La pili nalo likapasuka. Binti yao Heidrun, ambaye naye ni fundi, akamsihi, "Baba, nipe nimalizie."

"Hili niliahidi mimi, mwanangu."

Bi Irmgard akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili.

"Shika vizuri, mama Heidrun."

"Nimeshika, mume wangu. Sasa natetemeka mimi."

Jiwe likaanguka. Ndugu walikuwa mlangoni wakitazama, na inauma kusema kwamba hakuna aliyejua la kufanya.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2006. Ameacha mjane, binti, mkwe wake Jürgen na wajukuu wawili, Silke na Arno.

Jana Heidrun aliuliza tena kama alijaze lile pengo kwenye kifuniko. Mama yake alifunga kijaluba.

"Utalichonga vizuri, najua. Lakini mimi nilikuwa namngoja yeye."

Mungu aipokee mikono yake, na huko ilikokwenda itulie.