Sala ya Mfalme Asiye na Udhu

Benchi la kahawa nyuma ya mafundi cherehani, pale Kasulu, lilikuwa limebeba mfalme. Isihaka muuza khanga alikaa katikati na taji lake la kopo la mafuta ya kula, kikombe mkononi. Pembeni yake Melkiadi mchinja mbuzi, kaka yake katika mchezo wa kuigiza, ambaye mtaa ulikwisha kumbatiza Marehemu. Jioni, ukumbini, Isihaka angemuua amrithi kiti, kisha apige magoti aombe toba, na toba imgomee. Kuua hakukumsumbua. Ila akiomba kwa moyo, atakuwa amejisingizia damu mbele ya Mungu. Akiomba kwa utani, amemfanyia mzaha. Na mama yake, Bi Mwanaamina, keshawekewa kiti cha mbele.

Nurudini, aliyeitwa Nusu Juzuu kwa kuwa madrasa aliiacha njiani, alikuwa na dawa.

— Usitie udhu. Bila udhu sala haipandi, itaishia kwenye bati la ukumbi.

Niyibizi, fundi baiskeli na mzee wa kwaya, akapinga: sala imeandikwa na kwaya, hiyo hupanda hata ukiwa na matope miguuni. Heri Isihaka aombe kwa Kiha cha kijijini Nyabibuye, malaika wa zamu wachanganyikiwe. Nurudini akataka atajiwe malaika asiyejua Kiha. Wakavutana mpaka ikaamuliwa mfalme asali na kandambili za mtu mwingine, dhambi imfuate mwenye nazo.

— Za nani? akauliza Isihaka.

Niyibizi akaficha miguu chini ya benchi.

Hapo akafika Divine, mjane wa mchezo, upanga wa mbao kwapani, kuja kumchukua mfalme wake. Aliwasikiliza, akauliza:

— Shemeji, huyo uliyemuua, yeye umemwomba msamaha?

Benchi zima likamgeukia Marehemu.

— Ego, umenena, akasema Marehemu. Wiki nzima mazoezini ananiua, hata pole sijaisikia.

Isihaka akacheka, kisha akahesabu siku. Kweli, wiki nzima.

— Pole, Mel. Nisamehe, ndugu yangu.

Sauti ilimtoka imepasuka, hata Nusu Juzuu akaweka kikombe chini.

— Nakusamehe. Vua kwanza hilo taji langu.

Mkono wa Isihaka ukapanda kichwani, ukaligusa taji. Lilikuwa limepinda. Ukalinyoosha, ukashuka.

Divine akamshika kiwiko.

— Twende ukaombe toba hivyo hivyo, shemeji, kabla hujapona.