Sista Bonareri na Mirija ya Dirishani

Baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, Sista Bonareri Nyarangi anavua sare yake Ijumaa, tarehe 26 Juni. Alianzia zahanati moja ya Uriri, akapitia Sindo, kisha akatua kwetu Migori na kuishika wodi ya kina mama kwa miaka kumi na minane.

Wageni wa wodi hiyo walimwona kwanza dirishani. Kabla ya kutundika painti yoyote ya damu, aliinua mrija kwenye mwanga na kutafuta chujio, ule wavu mdogo unaonasa mabonge ya damu yasimwingie mgonjwa. Mrija wa maji ya dripu hauna wavu huo, na kwa jicho la haraka ni pacha wa mrija wa damu. Madaktari walisubiri. Mmoja aliyethubutu kuguna alikabidhiwa mrija autafute wavu mwenyewe. Hata kwenye sherehe ya Krismasi Sista aliinua mrija wa soda dirishani, tukacheka hadi machozi.

Mimi, Cliff Okari wa stoo, nina sababu yangu ya kumheshimu. Mwaka wa 2014, Liz, mama kutoka Karungu, alijifungua na damu ikakataa kukoma. Damu ya kundi lake ilikuwa painti mbili tu hospitali nzima. Nilikuwa nimepanga mirija yote rafu moja kwa sababu inafanana, nikaleta ya maji, tena nikabisha kwamba mrija ni mrija. Sista alisema tu, “Hii ni ya maji, Okari, rudisha,” akafungua kopo la biskuti alilokuwa ameficha kabatini, lenye mirija miwili ya damu ya akiba. Liz alipona. Baadaye Sista aliniita dirishani, akanionyesha bonge jeusi lililonaswa kwenye wavu. Niliona aibu sana.

Mwaka huu alikataa likizo yake ya mwisho, akisema hajui nani atasimama dirishani. Jumanne iliyopita katoni mpya ya mirija ya damu ilifika. Niliifungua, nikainua mrija kwenye mwanga, sikuona wavu, nikamrudishia dereva aliyeileta katoni nzima. Sista alikuwa mlangoni akinitazama. Kesho yake nilikuta kopo la biskuti mezani pangu, na mirija miwili ndani.

Asante, Sista. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha. Dirishani tupo.