Leonora Aguila, Aliyeyanyamazisha Makelele ya Soko la Hisa

Baba Paroko, shemeji yangu Artemio, watoto na wajukuu wa marehemu, majirani zetu wa Taal, na ninyi madalali wa hisa mliofunga safari kutoka Makati kuja kutushika mkono, mbele yenu nimesimama mimi Salud Dimaano, mwalimu mstaafu, mdogo wake marehemu, niliyepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, na mkiniona nimenyamaza katikati msishtuke, nipeni maji tu, nitaendelea.

Leonora, ambaye wote tulimwita Noring, alizaliwa tarehe 14 Mei 1941 hapa hapa Taal, mkoani Batangas, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu Isidro, fundi wa visu vya kukunja, na marehemu mama yetu Pilar, mtarizi wa nguo za harusi, na vita vilipofika huku kwetu mwaka 1945 alibebwa mgongoni kupelekwa milimani, ambako mvua ilimnyeshea akapata homa ya mapafu, akapona, lakini ikamwachia sauti ndogo ya kukwaruza ambayo ninyi mliofanya naye kazi mnaijua vizuri.

Alisoma shule ya msingi hapa Taal kuanzia mwaka 1948, akamaliza sekondari mjini Batangas mwaka 1958, akaenda Manila kusomea biashara na kuhitimu mwezi Aprili 1962, na katika miaka yote hiyo walimu walimlalamikia jambo moja tu, kwani hata mwalimu wake wa hesabu alipomwambia mbele ya darasa zima, "Sema kwa nguvu, binti, hatukusikii!" yeye alijibu kwa adabu, "Hata nikipiga kelele, mwalimu, jibu ni lile lile," akachapwa, na jibu lilikuwa sahihi.

Mwezi Julai 1962 aliajiriwa karani katika ofisi ya dalali mmoja wa hisa huko Binondo, akapanda ngazi taratibu, na mwaka 1968 ofisi yake ikampeleka kwenye ukumbi wa soko la hisa Makati kununua na kuuza yeye mwenyewe, wakati wanawake ukumbini walikuwa wachache, na vijana wa leo mnaobonyeza simu mkiwa kitandani sijui kama mnaweza kuupata ukumbi ule akilini, watu wamebanana kama sokoni asubuhi ya sikukuu, kila mmoja akipaza bei yake na kurusha mikono, huku waandishi wa ubao wakiwa juu ya jukwaa na chaki zao, masikio yamesimama, wakiandika bei ya yule waliyemsikia na kumfuta waliyekuwa wamemwandika sasa hivi.

Ukumbini humo, mwaka 1970, ndipo alipopatwa na jambo ambalo hakulisahau, maana Mwalimu Consolacion, aliyetufundisha sote kusoma, alimpa hisa zake za mgodi amuuzie ili mumewe akapasuliwe tumbo, na asubuhi ile Noring alikuwa wa kwanza kuinua mkono na kutaja bei, lakini sauti yake ilimezwa na ya Bwana Anselmo Uykim, dalali mwenye koo lililosifika mpaka mtaa wa pili, ubao ukaandika ya Uykim, wanunuzi wakaisha, na kabla ya chakula cha mchana zikaja habari mbaya za mgodi ule na hisa zikawa karatasi za kufungia samaki. Alifika nyumbani kwangu hajavua hata viatu, akaniambia, "Nilikuwa wa kwanza, Salud. Wa kwanza kabisa. Na hakuna aliyenisikia." Sisi ndugu tulichangishana, mzee akapasuliwa, akaishi, lakini dada yangu tangu siku hiyo alikuwa mtu mwenye jambo lake.

Nirudi nyuma kidogo kwenye ndoa, maana nimeiruka, na shemeji ananitazama. Marehemu alifunga ndoa takatifu na Artemio Aguila katika kanisa hili tarehe 11 Februari 1967, bwana harusi akiwa ofisa wa redio katika meli za mizigo, mtu wa kukaa chumbani na vyombo vya kusikilizia masikioni, akipokea ujumbe wa ti-ti-ta, yaani herufi zinazotumwa kwa milio, kutoka upande wa pili wa dunia na kuupiga taipureta hapo hapo bila kutazama vidole, na Mungu akawajalia watoto wawili, Herminia mwaka 1969, ambaye ni muuguzi Jeddah na amefika jana, na Crispulo mwaka 1972, mwalimu mwenzangu, pamoja na wajukuu watano ambao bibi yao hakuwahi kuwapigia kelele kwa sababu hakuweza.

Mwaka 1991, akiwa sasa mbia katika ofisi yake, marehemu alichaguliwa kuongoza kamati ya kuleta kompyuta ukumbini, jambo alilolipigania kwa miaka mingi akiitwa mwota ndoto, na aliyempinga kuliko wote alikuwa Bwana Uykim yule yule, ambaye alimsimamisha mbele ya wenzake akamwambia, "Noring, mimi nikimtazama mtu masikio tu najua kwamba anataka kuuza. Hiyo mashine yako itanionyesha masikio?"

"Haitakuonyesha masikio, Bwana Uykim," akasema dada. "Itakuonyesha foleni. Aliyetangulia atahudumiwa kwanza."

"Sema tu kwamba unataka kunifunga mdomo."

"Nataka ukae kitini, upumzishe koo. Umri umekwenda, bwana." Watu walicheka, naye Uykim akacheka, lakini hakubadilisha kura yake, na kamati ilishinda kwa shida.

Mwezi Agosti 1992, mambo yakiwa yamepamba moto kazini, Artemio alirudi nyumbani na sanduku lake lote, kwa kuwa meli zilikuwa zimeanza kuzungumza kwa setilaiti na kampuni yake haikuhitaji tena mtu wa ti-ti-ta, na shemeji yangu huyu, ambaye ameniruhusu kusema haya, akawa anakaa barazani tangu asubuhi amevaa suruali ya kazi iliyopigwa pasi, anang'arisha viatu ambavyo havina pa kwenda. Jioni moja dada alikuwa akimweleza jinsi kompyuta itakavyoondoa ule ubao wa chaki, na Artemio akamuuliza kwa upole, "Na wanaoandika ubao, watakwenda wapi?" Kabla hajajibu, mumewe akamwambia, "Kwa hiyo wewe ndiye yule bwana aliyenipa barua ya kuachishwa kazi, ila umevaa sketi." Wali uliungua jikoni siku ile, na hakuna aliyeinuka kuuepua.

Siku iliyofuata Noring aliiambia kamati kwamba haiwashi mashine mpaka waandishi wa ubao wafundishwe kuitumia, na mtaalamu wa kampuni iliyouza mashine hizo, ambayo sitaitaja, akamwambia, "Mama, hawa ni watu wa chaki. Kompyuta wataiweza wapi?" Dada akamjibu, "Kwani mimi nilizaliwa nayo mkononi?" Yule bwana akasema, haya, nani atawafundisha, na kwa umeme upi, maana ninyi nyote mnaukumbuka mgao wa mwaka ule, mchana kutwa giza, friji zinanuka na feni zimelala.

Basi dada akanunua taipureta kuukuu za chuo cha makatibu muhtasi kilichokuwa kimefungwa, ambazo hazijui umeme ni nini, akazipanga barazani mbele ya mumewe bila maelezo, akasema, "Temyo, mtu anayeandika bila kutazama vidole nitampata wapi?"

"Usinizungushe, Noring. Sema unachotaka."

"Nataka unisaidie."

"Nikusaidie kufundisha watu wako, au nikusaidie kunitoa barazani?"

"Yote mawili," akasema, na Artemio akacheka, kicheko cha kwanza tangu ashuke melini.

Kila Jumamosi mchana, kwa miezi kadhaa, nyumba ile iligeuka shule, waandishi wa ubao wamekaa kwenye viti vya kuazima, Artemio akiita herufi na kugonga kijiko mezani ili wasipoteze mwendo, mimi nikiwapikia tambi, majirani wakilalamika kwamba wamehamia kiwandani, na mkubwa wa waandishi, Digoy Panganiban, ambaye sote tulimwita Kuya, yaani kaka, akitazama mikono yake na kusema, "Bwana Artemio, vidole hivi vimeshageuka chaki, ukivigonga sana vitakatika," na wenzake wakimjibu, "Vikikatika tutaviandikia ubaoni, Kuya, wewe piga tu."

Mwezi Januari 1993 mashine ziliwashwa, na watu waliokuwa wamezoea kurukiana wakakaa vitini kama watoto siku ya mtihani, kimya, hawajui mikono waiweke wapi, na kazi ikaenda vizuri mpaka katikati ya asubuhi, umeme ulipokatika na skrini zote zikawa nyeusi kwa mpigo. Bwana Uykim aliruka juu akapaza sauti, "Haya, Noring! Lete chaki!" na ukumbi mzima ukacheka, wengine wakaanza kuinuka, wateja wao wako kwenye simu wanauliza fedha zao ziko wapi, na kama wangeanza kupiga bei kwa mdomo siku ile, mashine zisingewashwa tena mwaka ule. Dada alisimama katikati akasema kwa sauti yake ile ile, "Kaeni. Mashine kubwa chini ina betri. Foleni ipo." Wakamsikia. Wakakaa.

Jenereta ilipowaka, skrini zikarudi moja moja, na maagizo yote yalikuwa pale pale, kila moja mahali pake, na kwenye hisa ambazo kila mtu alikuwa akizitaka, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Teresita Bulaong, binti mpole kutoka Iloilo aliyekuwa na mwaka mmoja tu ukumbini, na wa pili alikuwa Anselmo Uykim. Mzee aliisogelea skrini akaitazama kwa muda mrefu, watu wakadhani ataipiga ngumi, kisha akamgeukia yule binti akasema, "Ni kweli, ulinitangulia. Miaka yote hii sijawahi kujua nani alinitangulia." Teresita yupo hapa leo, amekaa benchi la tatu, na sasa ana ofisi ya udalali yake mwenyewe.

Kwa kuwa tupo kanisani sitasema kwamba wote walipona, kwani waandishi wengi walipata kazi kwenye mashine lakini si wote, na Kuya Digoy, aliyehudhuria kila Jumamosi, macho yalimuuma na kutoka machozi kila alipokaa mbele ya skrini, akaondoka kabla ya mwaka kwisha, akimwambia dada, "Umenifundisha vizuri kazi nisiyoiweza." Neno hilo lilimuuma kuliko matusi yote ya ukumbini. Kuya alikwenda kumsaidia mkewe katika mgahawa wao Malabon, na dada akawa anakwenda kula pale baada ya misa, Jumapili moja baada ya nyingine, akipewa bakuli bila neno, miaka inapita, mpaka siku moja Kuya alimtazama akasema, "Umekonda. Ongeza nyama," na tangu hapo wakawa ndugu.

Mwaka 1994 kumbi mbili za Manila na Makati, ambazo ziliwahi kuuza hisa ile ile kwa bei mbili tofauti siku moja, ziliunganishwa kwa waya zikawa na bei moja, naye marehemu alikuwa miongoni mwa waliokesha kwa ajili hiyo, akastaafu tarehe 30 Juni 2001, akarudi Taal kulima maua na kubishana na mimi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2013, akawa anasafishwa damu mjini Batangas, na asubuhi ya tarehe 9 Machi 2016, akiwa nyumbani, aliomba supu ya samaki wa ziwani, akanywa vijiko vichache, akasema chumvi imezidi, akampigia Herminia simu huko Jeddah kumwambia awaamshe watoto wake wasichelewe shule, na mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe akavuta pumzi ya mwisho, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama mama yao, majirani mlioleta mchele na kahawa na kukaa naye siku zote za matanga, wenzake wa soko la hisa, watoto wa marehemu Bwana Uykim waliotuma shada kubwa kuliko mlango wa kanisa, na Kuya Digoy, aliyekuja kwa mabasi mawili pamoja na magongo yake, na aliyepika chakula mtakachokula leo.

Shemeji alitaka kusema neno, ameshindwa, amenipa mimi: anasema nyumba ni kubwa mno. Nami naongeza langu tu, dada yangu, mzaliwa wa kwanza, kwamba safari hii pia umetutangulia, na sote tumeona. Lala sasa mikononi mwa Mungu, ulale kwa utulivu, tutakuja mmoja mmoja.