Folda Iliyobeba Jina Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata katika aibu niliyokuja nayo leo! Mimi ni Béatrice, mnanijua, ninayetunza kompyuta za zahanati yetu.

Nilikuwa mtu wa kushuku. Chumvi ikipungua nyumbani, nilimfikiria jirani. Mtu akinisalimu kwa furaha nyingi, nilijiuliza anatafuta nini. Nami niliita hiyo karama!

Sista mkuu alitaka majibu ya vipimo vya wagonjwa yafike kwa daktari kupitia seva yetu wenyewe, yakiwa yamefungwa kwa siri, mtu wa njiani asiyasome. Mashine yetu ni ya zamani na intaneti ni ya kubahatisha, kwa hiyo nililetewa kutoka Lubumbashi flashi yenye programu ya seva ikiwa bado mbichi, maandishi ya kompyuta ambayo hayajajengwa kuwa kitu kimoja, pamoja na folda ya usimbaji, ile inayofunga majibu kwa siri. Kazi yangu ilikuwa kuziunganisha hapa hapa Likasi. Kabla ya kuanza, nilinakili folda ile ndani ya folda yangu yenye kufuli. Nilimwogopa Papa Ilunga wa maabara, tuliyetumia naye mashine hiyo.

Kazi ikagoma. Umeme ulikatika, ukarudi, nikaanza upya, ikagoma tena. Kila mara nilisoma mstari wa mwisho kwenye skrini, nao ulisema tu kwamba kuna kosa. Nikaona wazi: Ilunga amefuta kitu. Mbona ananyamaza nikiingia? Mbona anafuta vumbi kwenye kibodi yangu?

Ndugu zangu, mnakumbuka Alhamisi ile katika kikundi chetu cha sala, kila mmoja alipotaja kinachomfunga. Sikutaja jina. Nilisema, adui yangu ana baiskeli nyekundu. Mtaani petu ni moja tu, ya Ilunga! Tangu siku hiyo baadhi yenu mkaacha kununua unga kwa mke wake. Kisha nikaenda kumshtaki kwa Sista, naye akasema Ilunga ataondoka mwisho wa mwezi. Ana watoto wanne.

Ilunga aliomba jambo moja tu, nianzishe kazi mbele yake na Sista. Ikagoma. Nikawaonyesha mstari wa mwisho kwa kidole.

“Mama Béa, tusome kosa ya kwanza, ile ya juu,” akasema. “Miye sikugusa kitu.”

Tukapanda hadi mistari ya juu. Kosa la kwanza lilisema folda ya usimbaji haipo mahali pake. Tukaitafuta mashine nzima, tukaikuta ndani ya folda yangu yenye kufuli. Nilidhani nimenakili, kumbe nilikata na kuhamisha!

“Iko na jina yenu, mama,” akasema.

Nililia mbele ya Sista. Nikairudisha folda, kazi ikaenda hadi mwisho, na majibu ya wagonjwa sasa yanasafiri yamefungwa. Ilunga amebaki kazini. Asante Yesu!

Mashine ilipona siku ile. Mimi napona polepole; hata sasa hivi mlipopiga makofi nilijiuliza nani ananicheka. Lakini nilimchafua hapa, namsafisha hapa. Papa Ilunga hakunikosea lolote. Mimi ndiye niliyekosa.

Ndugu zangu, mtumainini Mungu, na mtumainiane. Papa Ilunga yuko pale nyuma, na benchi lake halina mtu mwingine. Nilitaka kuwaomba mmoja wenu aende akae naye.

Hapana, acheni. Naenda mimi.