Samoni Hawapandi Tolley

Benchi letu liko mbele ya duka la vyakula vya mifugo, pale barabara inapovuka kijito cha Tolley. Mahali hapo tulipachagua wenyewe, kwa sababu ya sauti tamu ya maji yanayoanguka chini ya barabara. Ukiwa na kahawa mkononi na mvua ya Novemba ikigonga bati, hutamani kwenda popote, na kweli hatuendi. Kamati nzima ya kuokoa samoni, samaki wa baharini wanaopanda vijito kuja kutaga, ni sisi wanne: Hoyt, tunayemwita Injinia kwa kuwa alifanya kazi idara ya barabara, Lonnie Mawingu, mtabiri wa mvua asiyepatia, Ardith, mwenye shamba la juu, na mimi, mwenyekiti kwa kuwa chupa ya kahawa ni yangu. Ujanani tuliondoa magogo yote kijitoni, tukidhani yanawazibia samaki njia. Uzeeni tumekodi kreni kuyarudisha, maana kumbe samaki hutaga na kujificha humo humo. Ardith akaondoa ng'ombe wake kandokando ya maji, tukapanda miti. Tangu hapo shambani kwake hajaonekana samoni hata mmoja.

— Nawaambia mapema, alisema Ardith. Wasipopita wiki hii, Jumatatu ng'ombe wangu wanarudi. Nimechoka kulea miti.

— Shida mvua, dada. Haijanyesha ya maana.

Lonnie alisema hivyo akikamua soksi.

— Mvua gani tena, wewe? Ni harufu, akasema Hoyt. Samoni hurudi kwao kwa kunusa. Magogo haya mapya tumeyaleta kutoka bonde la pili. Anafika mlangoni, ananusa, anadhani nyumba imeuzwa.

— Basi mimi nasema wameambizana huko baharini, akasema Lonnie. Wale watu wa benchi, msiwaamini.

Nami nisipitwe, nikasema mwezi umebadilika. Nikaulizwa umebadilika vipi. Nikawamiminia kahawa.

Hapo akapita Marisela, mama aliyefungua duka la mikate juzi juzi. Alisimama, akasikiliza kidogo.

— Samahani, wazee wangu. Haya maji yanayoanguka hapa chini, samaki wanayapandaje?

Tuliinuka, tukainama kwenye ukingo wa barabara. Bomba la kupitishia kijito chini ya barabara, alilolaza Hoyt enzi zake, lilikuwa linaning'inia usawa wa kiuno, maji yamekula ardhi yote chini yake. Na kwenye dimbwi dogo pale chini, chini kabisa ya benchi letu, migongo myekundu ya samoni ilikuwa imebanana, ikiruka na kujigonga kwenye bati la bomba. Aibu ilinishika, na furaha nayo, sikujua nianze na ipi.

— Lilikuwa usawa wa maji nilipoliweka, alinong'ona Hoyt.

Ardith alikwenda kwenye gari lake, akashusha ndoo za kunyweshea ng'ombe.

— Ng'ombe watasubiri, alisema. Hawa tunawapandisha kwa ndoo. Haya, nani anatangulia kushuka?

Kila mzee alikuwa anaangalia magoti yake.