Turbo Kubwa, Mama Kiti cha Nyuma

Kahawa ilikuwa imemiminwa mara ya pili pale kwenye benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi, na hakuna aliyeigusa. Macho yote yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye gari la marehemu baba yake Sindano, boneti wazi. Sindano ni fundi cherehani. Injini haijui mbele wala nyuma. Lakini wenzake wa benchi hilo walimwambia gereji ni ya watu wasio na marafiki, naye akaingia kichwa kichwa. Wakaishusha injini, wakabadilisha pistoni na ringi, wakang'oa turbo ya zamani na kufunga nyingine kubwa kama sufuria ya harusi. Asubuhi hii wameiwasha. Turbo ikapiga mluzi mpaka mtaa mzima ukachungulia, halafu chuma kikasaga chuma, kimya. Na kiti cha nyuma amekaa mama yake Sindano, kavaa nguo ya kutokea, mkoba mapajani. Aliahidiwa kupelekwa kwa dada yake mgonjwa kwa gari la mumewe. Sindano hakuwa na uso wa kumwambia ashuke.

— Hiyo haijafa, alisema Spika, yule kinyozi asiyejua kunyamaza. Hiyo imepaliwa.

— Imepaliwa na nini?

— Na upepo. Turbo ya zamani ilikuwa inapuliza kwa adabu. Hii inapuliza kama ina ugomvi. Mmiminie mtoto bakuli zima la uji kwa mkupuo uone.

— Acha kutulisha matango pori, alidakia Amperi, fundi redio. Shida ni nyaya. Zimezoea uzee. Ukizipa injini ya ujana, zinaona haya.

— Nyaya zinaona haya?

— Wewe Sindano, mimi nina redio pale inakataa stesheni zote za vijana. Nibishie.

Spika akakisukuma kikombe pembeni. Hapo ndipo huwa anaharibu.

— Mimi nawaambia gari limesusa. Mzee alikuwa analibembeleza. Sisi tumelipasua kifua, tumelitia dude la watu, na hakuna hata mmoja aliyeliomba ruhusa.

— Niliombe gari ruhusa?

— Kwani ungepungukiwa nini?

— Dawa ipo, alisema Amperi. Aingie mtu ambaye mzee alikuwa anamwogopa. Litawaka lenyewe.

— Mzee alikuwa anamwogopa nani?

— Mama mkwe wake.

— Alishafariki!

— Basi ndiyo hasa, sasa anatisha zaidi.

Sindano akacheka bila kutaka, kisha akajichukia. Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguka, na mama alikuwa anavuka barabara taratibu, mkoba kauacha kitini. Wote wakainuka kumpisha akae.

— Kaeni tu, wanangu. Nimewasikia. Mimi pistoni zenu sizijui. Nauliza tu, oili alitia nani?

Spika akamtazama Amperi. Amperi akamtazama Spika.

— Si wewe? aliuliza Spika.

— Mimi nilikuwa kwenye nyaya. Wewe ndiye uliyekwenda kununua.

— Kununua nilinunua. Dumu nikamwachia mwenye gari.

Sindano akakumbuka. Dumu lilikuwa chini ya cherehani yake. Siku zote hizi alikuwa akiegemeza mguu juu yake akishona, akidhani ni la akiba. Injini mpya, turbo ya fahari, na walikuwa wameiwasha kavu.

— Mama, nisamehe. Tutaishusha tena. Tutaitengeneza.

— Itengenezeni, baba. Gari litasubiri. Dada yangu ndiye hatasubiri. Nipe mkoba wangu, niwahi basi.

Sindano akauchukua mkoba garini kwa mikono yenye grisi, akaushika kwa ncha za vidole asiuchafue, akamfuata mama yake nyuma.

Wawili wale wakakata kona.

— Lakini ule mluzi, alisema Spika, haki ya nani, ulikuwa mtamu.

Amperi akaimwaga kahawa yake iliyopoa, akaenda kufunga boneti.